“Unasikia Sauti?” Ni Swali Letu Pia

Kila ninaposema kwamba ninasoma isimu ya lugha za Kiafrika, swali linalofuata ni lile lile: utafanya kazi gani? Watu hunitajia tatu: mwalimu wa sekondari, mkalimani wa mashirika, mtangazaji wa redio. Katika kurasa hizi nataka kutetea kazi ya nne, ambayo sijasikia ikitajwa hapa Butembo. Duniani kuna watafiti wanaojaribu kuwatambua mapema vijana walio katika hatari ya kupata saikosisi, yaani hali ambayo mtu hupoteza mpaka kati ya yaliyo nje na yaliyo kichwani mwake, akasikia wasiokuwepo na kuamini mambo ambayo hakuna anayeweza kumtoa. Watafiti hao wana njia mbili kubwa: kupima jinsi ubongo unavyopokea sauti, na kumuuliza kijana maswali. Hoja yangu ni kwamba njia zote mbili zimejaa lugha kutoka mwanzo hadi mwisho. Zikifika Butembo na Beni bila watu wa lugha, zitawapima vijana wetu kwa masikio na maneno ya watu wengine.

Nianze na kipimo cha sauti, maana wengi wetu hatujawahi kukisikia darasani. Mtu anakaa kwenye kiti, amevaa kofia yenye elektrodi ndogo zinazogusa ngozi ya kichwa. Hapigwi umeme wala haumii. Waya zinasoma tu umeme dhaifu ambao ubongo unautoa wenyewe. Masikioni anawekewa sauti moja inayojirudia: pi, pi, pi, pi. Mara moja moja inaingia sauti tofauti, ya juu zaidi au ndefu zaidi. Anaambiwa asizijali sauti hizo. Mara nyingi anapewa filamu isiyo na sauti aitazame. Hata hivyo, kila inapoingia ile sauti tofauti, kabla robo ya sekunde haijapita, mchoro wa umeme wa ubongo unabadilika kwa namna inayojulikana. Ubongo umegundua kwamba utaratibu umevunjwa, ingawa mwenye ubongo hakuwa anasikiliza. Risto Näätänen wa Finland na wenzake walianza kuueleza mwitikio huo mwaka 1978. Mimi nitauita hapa mwitikio wa tofauti.

Msomaji wa kitivo hiki ameshaona ninakoelekea. Utaratibu unaojirudia, tofauti inayohesabika na tofauti isiyohesabika: tangu somo la kwanza la fonolojia hatujafundishwa kitu kingine.

Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa skizofrenia, ambayo ni moja ya magonjwa makubwa ya saikosisi, mwitikio wa tofauti ni mdogo kuliko kwa watu wengine. Jambo hilo limeonekana tena mara nyingi tangu hapo, hasa pale sauti inayoingia inapotofautiana na nyingine kwa urefu wake. Ubongo unapitwa na tofauti ambayo ungepaswa kuikamata bila juhudi.

Sababu yake inatafutwa katika kemia. Seli za neva huwasiliana kwa kupeana kemikali. Ile inayotumika zaidi kuamsha seli jirani ni glutamati, na moja ya milango inayoipokea inaitwa kipokezi cha NMDA. Ketamini, dawa ya usingizi ambayo wauguzi wa vyumba vya upasuaji wanaijua vizuri, huuziba mlango huo. Watu wenye afya wakipewa ketamini kidogo katika maabara, mwitikio wao wa tofauti hupungua, na kwa muda mfupi baadhi yao huona au kuwaza mambo yanayofanana na dalili za saikosisi. Yeyote aliyekaa karibu na mgonjwa anayeamka baada ya ketamini anajua jinsi maneno yake yanavyoweza kuwa ya ajabu. Kwa hiyo watafiti wengi wanadhani kwamba mlango wa glutamati usipofanya kazi vizuri, ubongo unashindwa kurekebisha matarajio yake kuhusu sauti itakayofuata.

Kemikali ya pili ni dopamini. Dawa za saikosisi, kuanzia klopromazini iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, hupunguza kazi yake. Dopamini husaidia ubongo kuamua ni jambo gani lina uzito na lipi lipite. Ikifanya kazi kupita kiasi, mambo ya kawaida yanaonekana kubeba ujumbe: redio ya jirani inakusema wewe, kikohozi cha mpita njia ni ishara.

Kuna na jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo linalogusa lugha zaidi. Tunaposema, ubongo unazitaarifu mapema sehemu zake za kusikia kwamba sauti inayokuja ni yetu wenyewe, na sehemu hizo zinapunguza mwitikio wake. Judith Ford na Daniel Mathalon wa Marekani wameonyesha kwamba kwa wagonjwa wa skizofrenia upunguzaji huo ni dhaifu. Baadhi ya watafiti wanaona hapo njia ya kueleza kwa nini maneno ya ndani ya mtu yanaweza kumfikia kana kwamba yamesemwa na mwingine.

Sasa neno hatari. Katikati ya miaka ya 1990 huko Melbourne, Australia, Patrick McGorry, Alison Yung na wenzao walianza kuwapokea vijana ambao walikuwa bado hawajaugua lakini walikuwa na dalili hafifu: sauti za mara moja moja, wasiwasi usioeleweka, masomo yanayoporomoka ghafla. Lazima tuseme wazi kwamba wengi wa vijana wanaowekwa katika kundi hili hawapati saikosisi katika miaka miwili au mitatu inayofuata. Katika tafiti kadhaa, waliokuja kuugua walikuwa na mwitikio wa tofauti mdogo zaidi kuliko wenzao. Tafiti nyingine hazikuona hivyo. Kipimo kinasema jambo kuhusu makundi. Hakimruhusu daktari yeyote kumvika mtoto wa mtu kofia na kumtabiria. Lakini juhudi zenyewe zina sababu: saikosisi inapokaa muda mrefu bila matibabu, kupona kunakuwa kugumu zaidi.

Kwetu kuchelewa huko kunajulikana. Kijana akianza kujifungia na kuongea peke yake, familia nyingi huanza na chumba cha maombi au na mganga wa kienyeji, na hospitali inafikiwa mwisho, wakati mbuzi wameshauzwa. Siwalaumu. Kwenye chumba cha maombi mtu anapokelewa kwa lugha yake na anaulizwa maneno anayoyaelewa. Mahali pengine anakutana na karatasi ya Kifaransa.

Nirudi kwenye masikio. Mwaka 1997 Näätänen na wenzake walichapisha jaribio ambalo ningependa lifundishwe katika mwaka wetu wa kwanza. Waliwasikilizisha irabu Wafini na Waestonia, majirani ambao lugha zao ni ndugu. Kiestonia kina irabu moja, inayoandikwa õ, ambayo Kifini hakina. Ilipoingia irabu hiyo, ubongo wa Waestonia uliitikia kwa nguvu kuliko ubongo wa Wafini, ingawa sauti iliyotoka kwenye mashine ilikuwa ile ile. Baadaye Wafini walilinganishwa na Wajerumani kwa sauti ambazo hazikuwa maneno hata kidogo, na Wafini wakaonyesha mwitikio mkubwa zaidi kwa tofauti za urefu. Katika Kifini, urefu wa irabu na wa konsonanti hubadilisha maana ya neno, na sikio lililolelewa humo linabaki hivyo hata linaposikiliza pi, pi, pi.

Mtazame sasa kijana wa Butembo. Nyumbani kuna Kinande chenye irabu saba, ambamo i na u zina aina mbili kila moja kwa mkao wa shina la ulimi, hata kama maandishi yetu ya kawaida mara nyingi hayaonyeshi. Kuna toni ya juu na ya chini, na kuna toni zinazokuja mwishoni mwa kirai na mwishoni mwa sentensi, ambazo Philip Mutaka na Larry Hyman wamezichambua kwa miaka mingi. Sokoni kuna Kiswahili: irabu tano, hakuna toni ya kutofautisha maneno, mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Darasani kuna Kifaransa na irabu zake za puani. Ukifika Beni, ongeza Lingala ya wanajeshi, ambayo nayo ina toni. Kijana mmoja anaishi ndani ya mifumo mitatu au minne ya sauti, na kila mmoja umemfundisha ubongo wake ni tofauti zipi za kukamata na zipi za kuacha zipite.

Maabara ikimletea kijana huyu sauti zilizopangwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Ulaya, ikaona kwamba mwitikio wake kwa urefu ni mdogo, itaandika nini? Inaweza kuandika ugonjwa mahali palipo na lugha. Inaweza pia kufanya kosa la upande wa pili: kwa kuwa sikio la mwenye Kinande limezoea kufuatilia kupanda na kushuka kwa sauti, mwitikio wake kwa kiwango cha sauti unaweza kuonekana mzuri kiasi cha kuficha udhaifu uliopo. Kosa la kwanza linampa mtu mzima jina la mgonjwa, na la pili linamrudisha mgonjwa nyumbani. Hakuna njia ya kuyakwepa ila kuwapima kwanza watu wenye afya wa hapa hapa, wenye lugha hizi hizi, kwa sauti zilizochaguliwa na mtu anayejua lugha hizi zinatofautisha nini.

Tusidhani kwamba Kinande ni kigeni mbele ya mashine za hospitali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, Bryan Gick, Douglas Pulleyblank, Fiona Campbell na Mutaka walitumia ekografi, mashine ile ile inayowaangalia mama wajawazito, kutazama ulimi wa msemaji wa Kinande. Walionyesha kwamba irabu a, ambayo wengi waliona haijali upatanifu wa irabu, nayo inabadilika. Mwanaisimu na mashine ya tiba walikaa meza moja, na nadharia ya fonolojia ikapata faida. Safari hii faida inaweza kwenda upande wa mgonjwa.

Nimesema njia ya pili ni maswali. Hapa hatuhitaji kusubiri mashine, na hapa ndipo naona hatari kubwa zaidi.

Mwaka jana muuguzi mmoja ninayemfahamu aliniomba nimsaidie kugeuza karatasi ya maswali kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili cha hapa na Kinande. Swali moja lilitaka kujua kama mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kwa Kifaransa ni mstari mmoja. Sisi tulikaa nalo mchana kutwa.

Tuanze na kitenzi. Katika Kiswahili chetu nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia uchungu wa mgongo. Ukiniuliza kama nasikia Kinande, unataka kujua kama ninakielewa. Mzazi anayelalamika kwamba mtoto hasikii hana shida na masikio ya mtoto; anasema mtoto hatii. Kisha jina. Sauti ni ya ngoma, ya pikipiki, ya mtu, ya Mungu. Dada anayesimama Jumapili kanisani na kusema “nimesikia sauti ya Bwana ikiniambia nisamehe” anaeleza jambo ambalo mkutano wote unalielewa, na hakuna anayemkimbiza hospitalini. Ukimpa dada huyo ile karatasi, atajibu ndiyo kwa furaha. Kijana ambaye kweli anasikia watu wawili wakimjadili nyuma ya ukuta anaweza kujibu hapana, kwa sababu kwake hizo si sauti ambazo wengine hawazisikii. Ni majirani, na anaamini kila mtu anawasikia.

Tuliishia kulivunja swali vipande vipande. Je, ulisikia kwa sikio kama unavyonisikia mimi sasa, au ilikuwa moyoni? Ulikuwa macho kabisa, au usingizi ulikuwa unakuja? Uligeuka kumtafuta aliyesema? Alikuwa mmoja au wengi, walikusemesha wewe au walikuwa wanakusema? Alikuita tu jina? Maana kusikia jina lako likiitwa na asionekane mtu ni jambo linalozungumzwa sana kwetu, na wazee wengi wanatuonya tusiitike usiku kabla ya kumjua anayeita. Mwishoni nikaongeza swali langu, ambalo karatasi haikuwa nalo: sauti hiyo inasema lugha gani? Muuguzi alicheka, kisha akaliandika. Kwa mtu anayeishi katika lugha nne, sauti inayotukana kwa Lingala na sauti inayobembeleza kwa Kinande haziwezi kuwa habari moja.

Utamaduni hauamui tu jinsi tunavyoziita sauti. Tanya Luhrmann na wenzake walizungumza na watu 60 wenye magonjwa ya saikosisi wanaosikia sauti: 20 wa San Mateo huko California, 20 wa Accra na 20 wa Chennai. Katika matokeo waliyochapisha, Wamarekani walielekea kuzieleza sauti zao kama uvamizi wenye vurugu na kama dalili ya ubongo ulioharibika. Wa Accra mara nyingi walisema wanamsikia Mungu, na wengi wa Chennai walisikia ndugu zao wakiwapa maagizo na ushauri. Wote walikuwa wagonjwa, lakini hawakuwa na mazungumzo yanayofanana na sauti zao. Karatasi iliyoandikwa kwa kumfikiria mgonjwa wa California haitamsikia wa Accra vizuri, wala wa Butembo.

Kuna swali jingine ambalo hurudi katika karatasi nyingi za namna hii: je, unahisi kwamba kuna watu wanaotaka kukudhuru? Mwulize mtu wa Beni, wa Oicha au wa Eringeti. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo hilo wamezika ndugu waliouawa mashambani, njiani na vitandani. Mtu anayelala na viatu, anayesikiliza kila hatua nje ya ukuta, anayeshtuka mlango ukibamizwa, atajibu ndiyo. Huyo si mgonjwa; ana habari. Tena jambo linazidi kuwa gumu, kwa sababu tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mateso makali, hasa ya utotoni, yanaongeza uwezekano wa mtu kupata saikosisi baadaye. Hofu hiyo hiyo iliyo ya kweli inaweza pia kuwa mzigo unaoivunja akili. Kwa hiyo swali haliwezi kufutwa. Linahitaji kuulizwa kwa namna inayotenganisha hofu ambayo mtaa wote unaishiriki na hofu ambayo mtu anabaki nayo peke yake. Walio nyumbani kwako wanaogopa kitu hicho hicho? Wanakuambia nini ukiwaeleza? Kama wote walikimbia usiku mmoja, nani bado anakimbia?

Majirani zetu wameshaanza kazi ya namna hii. Mwaka 2012 Daniel Mamah na wenzake, akiwemo David Ndetei wa Kenya, walichapisha uchunguzi wa dalili za hatari ya saikosisi miongoni mwa vijana wa Kenya. Hivyo swali la kama vipimo hivi vitafika Afrika Mashariki limeshajibiwa. Linalobaki ni vitatukuta tumeandaa nini.

Tunajua gharama ya kukutwa hatujaandaa. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu zaidi ya 2,200 katika eneo letu. Nilikuwa sekondari. Ninakumbuka magari ya riposti yakipita na maneno ambayo mama zetu walikuwa wanatuuliza sisi watoto maana yake. Shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha ya taarifa hizo, likaonyesha kwamba istilahi za Kifaransa ziliwachanganya watu na kwamba walitaka maelezo kamili katika lugha wanazozizungumza nyumbani. Uchunguzi huo ulifanyika moto ukiwa tayari umewaka. Sioni sababu ya kurudia utaratibu huo kwa magonjwa ya akili, ambayo hayaji ghafla na yanatupa muda wa kujiandaa.

Najua pingamizi, maana wenzangu wameshanipa zote.

La kwanza: hatuna mashine, barabara zimefungwa, watu wana njaa, wewe unaleta habari za milisekunde. Najibu kwamba sehemu kubwa ya ninayoyaomba haihitaji hata tundu la umeme. Swali zuri la Kinande linaandikwa kwa kalamu. Na siku mashine itakapofika, sauti za kutumia ndani yake haziwezi kutengenezwa kwa wiki moja.

La pili: hiyo ni kazi ya madaktari. Madaktari wanaijua dopamini, na mimi sitawafundisha. Lakini hakuna somo la tiba linaloeleza kwamba kitenzi kimoja cha Kiswahili kinabeba kusikia, kuhisi, kuelewa na kutii. Sisi tunalipwa alama kwa kuandika habari hiyo kwenye karatasi za mtihani, kisha tunaiacha humo.

La tatu ni zito, nami nalikubali nusu: mtaani jina likishatoka halirudi. Kijana akisemwa kwamba ana hatari ya wazimu, ndoa yake inavunjika kabla haijafungwa. Neno lenyewe limeshatoa hukumu. Wazimu limekaa karibu na mzimu, na anayelisikia anawaza roho kabla ya kuwaza glutamati. Ndiyo maana nisingependa kuona karatasi hizi zikigawanywa shuleni darasa zima. Ziwe za kijana aliyekuja mwenyewe kuomba msaada au aliyeletwa na wazazi, na majibu yabaki kati yake na anayemtibu. Jina nalo litafutwe kwa makini. Kituo cha magonjwa ya akili cha Goma kinaitwa Tulizo Letu. Walioliteua jina hilo walielewa kwamba mlango wenye jina la faraja unabishwa mapema kuliko mlango wenye jina la ugonjwa. Sisi wa lugha tungeweza kusaidia kupata maneno ya namna hiyo kwa hali yenyewe, kutoka vinywani mwa familia zinazoishi nayo.

Basi naomba mambo matatu yanayoweza kuanza muhula huu.

La kwanza ni orodha ya matumizi ya vitenzi vya kusikia, kuona na kuhisi, katika Kinande na katika Kiswahili cha Butembo na Beni, kwa mifano iliyorekodiwa kutoka kwa wazee na vijana. Kamusi ya Kinande na Kifaransa ya Kambale Kavutirwaki na Mutaka, iliyotolewa na jumba la makumbusho la Tervuren mwaka 2012, ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwanafunzi mmoja anaweza kuifanya kuwa kazi yake ya kumaliza masomo.

La pili ni rekodi za jozi za maneno: yanayotofautiana kwa toni tu, yanayotofautiana kwa irabu tu, zikisemwa na wanawake na wanaume kadhaa mahali penye utulivu, na kuhifadhiwa vizuri pamoja na maelezo yake. Hata kama kofia ya elektrodi haitafika kwa miaka kumi, rekodi hizo zitafundishia fonolojia.

La tatu ni kuyajaribu maswali pamoja na wauguzi. Mtu anaulizwa swali, kisha anaombwa aeleze kwa maneno yake alichoulizwa. Mwingine ambaye hajaona karatasi ya Kifaransa anarudisha tafsiri kwenye Kifaransa. Palipo na tofauti, swali linavunjwa upya. Hakuna jina la mgonjwa linaloandikwa popote. Butembo ina kitivo cha tiba katika Université Catholique du Graben. Walimu wetu na walimu wao wakikubaliana saa mbili kwa mwezi, zinatosha kuanza.

Mimi nimeshaanza na kitenzi kusikia katika Kiswahili cha soko letu, na daftari liko wazi kwa anayetaka kulipinga au kuliongezea. Kinande bado hakijapata mtu. Ningependa awe mtu wa Lubero au wa Beni, ili tusije tukayaandika ya Butembo peke yake tukadhani ndiyo ya wote.